Kuwa Kinyozi au Msusi Mjini Tanga: Mwongozo Kamili wa Kujifunza Kazi na Kufungua Saluni

Karibu kila mwezi huja kijana kwenye saluni ninayofanyia kazi hapa Makorora, akasubiri mteja ashuke kitini, kisha akaniuliza: "Kaka, nikitaka kufungua saluni, mtaji unaanzia shilingi ngapi?" Nami humwuliza ameshanyoa vichwa vingapi. Wengi hunijibu kwamba watajifunza wakishafungua, au kwamba watamwajiri mtu anayejua. Nimeona fremu kadhaa za namna hiyo, kuanzia barabara za Ngamiani hadi Mikanjuni, zikifunguliwa kwa vioo vipya na taa za rangi, na baada ya miezi michache zikageuzwa maduka ya vocha, kwa sababu yule aliyekuwa akijua kazi alipoondoka, wateja waliondoka naye. Mteja wa nywele huufuata mkono aliouzoea, popote utakapohamia. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mkono, na habari ya fremu nimeiweka mbali huko chini.

Mimi ni kinyozi. Yaliyomo humu kuhusu ususi nimeyapata kwa dada yangu, ambaye amesuka kwa miaka mingi upande wa pili wa pazia la saluni hii hii, na ameyapitia yote kabla sijayatoa.

Hatua ya kwanza: Chagua upande wako

Unyozi na ususi hutajwa pamoja, lakini siku zake hazifanani. Kinyozi humaliza kichwa kimoja kwa dakika 20 hadi 40, hupokea fedha kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi, na mteja wake hurudi baada ya wiki mbili au tatu. Msusi wa rasta ndogondogo anaweza kukaa na kichwa kimoja tangu asubuhi hadi alasiri, akapokea fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na asimwone tena mteja huyo kabla ya mwezi mmoja au miwili. Kinyozi husimama siku nzima, kwa hiyo miguu na kiuno ndivyo vinavyoumia. Msusi huumia vidole, mabega na shingo.

Mtaji nao hutofautiana. Msusi anaweza kuanza barazani kwao akiwa na chanuo, kitana chenye mkia, uzi na kigoda, akawasuka majirani mabutu na twende kilioni huku akijenga jina. Kinyozi hawezi kuanza bila mashine na umeme. Kwa hiyo msichana au mvulana asiye na kitu kabisa, lakini mwenye vidole vyepesi na subira, nitamshauri aanze na ususi bila kusita.

Jambo la tatu ni desturi ya mji. Tanga ni mji wa pwani, na wanawake wengi hapa hujisitiri; hawatavua ushungi mahali ambapo mwanamume anaweza kuchungulia. Mwanamume anayetaka kuwasuka wanawake anaweza kufanikiwa, lakini ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya wateja wa mji huu hawatamfikia, na pengine afikirie kusuka dredi za wanaume au kwenda mji mwingine.

Hatua ya pili: Tafuta mwalimu

Njia zipo mbili, na zote zinafaa. Ya kwanza ni chuo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi stadi nchini, na vyuo, vikiwemo vya binafsi, husajiliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Fika kituo cha VETA cha Tanga uulize ni chuo gani, chao au cha binafsi, kinachopokea wanafunzi wa urembo na ususi mwaka huo, na hakikisha chuo unachokiendea kimesajiliwa kabla hujalipa ada. Faida ya chuo ni kwamba utajifunza habari za ngozi, kemikali na usafi kwa mpangilio, mambo ambayo mafundi wengi wa mtaani huyajua nusunusu.

Njia ya pili ni kujifunza ndani ya saluni, na ndiyo iliyotulea wengi wetu. Usiombe nafasi siku ya kwanza. Chagua saluni tatu, nenda kama mteja au keti kwenye benchi kwa heshima, uangalie mambo haya: je, fundi anabadilisha wembe mbele ya mteja? Je, anaisafisha mashine baina ya kichwa na kichwa? Je, wateja wanaokuja ni wale wale, au kila siku ni wapya? Saluni yenye wateja wa kudumu ndiyo yenye mwalimu. Ukishaichagua, zungumza na mwenyewe asubuhi, wakati hakuna watu, na ikiwezekana nenda na mzazi, mjomba au mtu mzima mwingine, kwa sababu makubaliano yanayoshuhudiwa na mkubwa huheshimiwa zaidi.

Andikeni makubaliano hayo hata kama ni kwenye karatasi ya daftari. Yataje muda wa kujifunza, kiasi utakacholipa kama kipo, siku za mapumziko, na hasa ni lini utaanza kupata sehemu ya fedha ya vichwa unavyovinyoa. Nimeona vijana wakifagia na kuosha taulo mwaka mzima bila kugusa mashine, kwa sababu hakuna aliyesema lini wataigusa. Kufagia ni sehemu halali ya kujifunza, lakini lazima kuwe na ukomo. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayehudhuria kila siku anapaswa kushika mashine ndani ya mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa nane awe anakabidhiwa kichwa cha mteja wa kawaida.

Uliyejifunza mtaani usidhani umepoteza cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, unaelekezwa mapungufu yako, na ukifaulu unapewa cheti. Cheti hicho hakitakuletea mteja wa mtaani, lakini hufungua mlango wa hoteli, na hukusaidia unapoomba mkopo.

Hatua ya tatu: Ufundishe mkono

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na sitapita haraka.

Anza kwa kuijua mashine. Vitana vyake, vile vinavyovikwa mbele ya visu, vina namba, na kila namba ni urefu: namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10 hivi, na namba 4 milimita 13. Pembeni kuna kiwiko kidogo. Kikiwa juu, visu vimefunga na mashine hukata karibu kabisa na ngozi. Kikishushwa, visu hufunguka na kuacha nywele ndefu kidogo. Kiwiko hicho ndicho kinachotofautisha fundi na mpita njia, kwa kuwa urefu wote ulio kati ya namba moja na nyingine unapatikana hapo. Kaa na mashine ikiwa imezimwa, ukichezesha kiwiko kwa kidole gumba, mpaka uweze kukihamisha bila kukitazama.

Vichwa vyako vya kwanza viwe vya rafiki wanaotaka kipara, kwa sababu kipara hakina mstari wa kuharibu. Katika kipara utajifunza mambo mawili ambayo hayafundishiki kwa maneno: kuivuta ngozi kwa mkono wa pili ili visu visiikwangue, na kufuata uotaji wa nywele, ambao hubadilika kisogoni na huzunguka utosini. Baada ya hapo nyoa urefu mmoja kichwa kizima kwa namba 2, mpaka uweze kumaliza bila kuacha mabaka. Usikimbilie watoto wadogo kwa kudhani ni wepesi. Mtoto hutikisika, hulia, na kichwa chake kina ngozi laini. Wa darasa la tano na kuendelea wanafaa zaidi.

Fedi, yaani mnyoo unaoanza mfupi chini na kurefuka taratibu kuelekea juu, ifuate baada ya hayo, nayo ina mpangilio wake. Chana nywele zikiwa safi na kavu. Pitisha namba 2 pembeni na kisogoni hadi pale kichwa kinapoanza kupinda kuelekea juu. Kisha toa kitana, shusha kiwiko, na chora mstari wa kuongoza kuzunguka kichwa, usawa wa kidole kimoja juu ya sikio. Huu ndio mstari ambao wanafunzi huuweka juu mno, na ukishawekwa juu hakuna dawa ila mteja asubiri zikue. Funga kiwiko usafishe chini ya mstari. Weka namba 1 kiwiko kikiwa chini, panda upana wa vidole viwili juu ya mstari, ukiichomoa mashine kwa nje kama mtu anayepakua wali pembeni mwa sahani. Halafu ondoa mstari wenyewe kwa kufunga kiwiko kidogo kidogo, ukipiga kwa ncha ya visu tu. Rudi nyuma hatua mbili, tazama kwenye kioo, kwa sababu jicho lililo karibu halioni kivuli.

Mstari wa paji la uso nao uheshimu. Fuata pale nywele zilipoota zenyewe. Kinyozi anayerudisha mstari nyuma nusu sentimita kila wiki ili uonekane mkali humwachia mteja paji la vipele na nywele zinazochomoza chini ya mstari baada ya siku nne.

Ndevu zinahitaji uangalifu wa pekee kwa watu wetu. Nywele iliyojikunja, ikikatwa chini kabisa ya ngozi, hukua ikaingia tena ndani na kuleta vipele vya kidevuni na shingoni. Mteja mwenye vipele hivyo usimpitishie wembe hata akiuomba. Mnyoe kwa mashine na umwachie milimita moja. Vilevile kisogoni, ukiona vinundu vigumu chini ya nywele, usivikwangue wala usivikate, kwa sababu kwa baadhi ya watu hukua vikawa makovu makubwa yaliyovimba. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi, na mpaka apone mpitishie kitana cha namba.

Kwa upande wa ususi, dada yangu husema kwamba kosa la kwanza la wanafunzi ni kuvuta. Wanadhani msuko unaobana ndio unaodumu. Msuko unaomfanya mteja ashindwe kukunja uso, unaoacha vipele vyeupe kwenye mizizi, ndio unaong'oa nywele za mbele na za pembeni, na mwanamke akisukwa hivyo miaka mfululizo nywele hizo zinaweza zisiote tena. Jifunze kwanza kugawa kichwa: mistari iliyonyooka, mafungu yanayolingana, mafuta kidogo kwenye ngozi. Zifanyie mazoezi twende kilioni za kichwa kizima kwa mkono mtupu, bila nyongeza, kabla hujagusa rasta. Nywele za pembezoni mwa uso zianze na fungu jembamba na mkono mlegevu, na mteja mwenye nywele chache za mbele mwambie ukweli kwamba rasta nzito hazimfai kwa sasa.

Dawa ya kunyoosha nywele ni jambo zito zaidi, kwa kuwa ni kemikali kali inayoweza kuunguza ngozi na jicho. Usimpake mtu aliyekwaruza kichwa, aliyeosha nywele siku hiyo, au aliyefumua msuko jana. Paka mafuta mazito kwenye ngozi, kuzunguka paji na masikio. Vaa glavu. Weka dawa kwenye nywele zilizoota tu, usirudie zilizokwishanyooka, na ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo bila kuongeza hata kama mteja atakuambia yeye huwa anakaa zaidi. Akisema inawasha, osha mara hiyo hiyo. Shampuu ya kuua dawa itumike mpaka povu libadilike kuwa jeupe, na kuritachi, yaani kupaka tena nywele zilizoota upya, kusiwe chini ya wiki nane.

Na kwa kuwa tuko Tanga, msusi asiyejua hina, singo na vikuba vya asumini ataziona harusi zikimpita. Jifunze kwa makungwi na masomo wa mtaani, wale wanawake wanaowafunda mabibi harusi, ambao wanajua mengi kuliko chuo chochote. Ila kuhusu piko sikiliza: piko nyeusi ina kemikali ya rangi ya nywele ambayo huwadhuru baadhi ya watu, wakavimba na kutoka malengelenge. Mpake bibi harusi tone dogo ndani ya kiwiko cha mkono saa 48 kabla. Bibi harusi aliyevimba mikono siku ya kutolewa nje ni msiba ambao hakuna msusi anayetaka kuubeba.

Hatua ya nne: Usafi

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimnyoa mtoto aliyekuwa na mashilingi kichwani, sikuyatambua, nikaipiga mashine brashi na kumwita anayefuata. Baada ya wiki mbili mama mmoja akaja na wanawe wawili wenye duara zilizonyonyoka nywele. Nilikwenda kwao jioni kuomba radhi na nikagharimia dawa, na tangu siku hiyo sijamweka mtu kitini kabla sijamkagua kichwa. Kwa hiyo hili naliandika kwa uchungu.

Mashilingi ni fangasi, na huambukiza kwa mashine, chanuo, taulo na kofia. Ukiyaona, zungumza na mzazi kwa sauti ya chini, usimwaibishe mtoto, na umwelekeze zahanati, kwa sababu ya kichwani kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Magonjwa ya damu ni hatari zaidi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kwenye tone la damu iliyokauka ambalo jicho halilioni. Kwa sababu hiyo wembe ni wa mtu mmoja, mara moja, na ufunguliwe kutoka kwenye karatasi yake mbele ya mteja. Uliotumika utupe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, usiutupe kwenye pipa ambalo mfagiaji ataingiza mkono.

Mashine isafishwe hivi baina ya wateja: zima, toa nywele kwa brashi, pulizia visu spiriti ya asilimia 70 na uiache ikauke yenyewe, kisha tia matone mawili ya mafuta. Vyanuo, vitana na vibanio vya plastiki vioshwe kwa sabuni, halafu viloweke dakika 10 kwenye Jik iliyochanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ikiwa ni ile ya asilimia 3.5, kisha suuza. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila asubuhi, na usiutie chuma, kwa kuwa unakitafuna. Kile kisanduku chenye taa ya buluu, ambacho wateja hukipenda, huua vijidudu pale tu mwanga unapofika. Chanuo chenye nywele na mafuta ukikiweka humo kitatoka kilivyoingia. Taulo moja kwa mteja mmoja, na shuka la kunyolea lisigusane na shingo: weka karatasi laini katikati.

Fundi mwenyewe apate chanjo ya homa ya ini B. Uliza hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukijikata, osha kwa maji na sabuni, funga, vaa glavu. Ukimkata mteja, simamisha kazi, bana kwa pamba safi, na mwambie.

Hatua ya tano: Fremu na vifaa

Sasa ndipo lije swali la mtaji. Tafuta mahali watu wanapopita wakirudi nyumbani: karibu na soko, karibu na msikiti au shule, kwenye njia ya kutoka stendi. Mjini kwetu watu wengi huendesha baiskeli, na fremu isiyo na kivuli cha kuegesha baiskeli hupoteza wateja bila mwenyewe kujua. Simama nje ya fremu siku tatu, asubuhi na jioni, uhesabu wapitao kabla hujampa dalali chochote. Uliza kodi inadaiwa miezi mingapi mbele, kama kuna kilemba (fedha ya kuachiwa fremu), kama mita ya LUKU ni yako peke yako, na maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Mkataba uandikwe, na uoneshe nani atamiliki vioo na makabati utakapohama.

Vifaa vya kuanzia kwa kinyozi ni mashine mbili, moja ya waya kwa kazi ya siku nzima na moja ya chaji kwa siku umeme unapokatika, mashine ndogo ya mistari, kiti kinachopanda na kushuka, kioo kikubwa na kidogo cha kumwonesha mteja kisogo, taulo zisizopungua 20, shuka nne. Kwa kiti usione haya kununua kilichotumika, lakini mashine nunua mpya, na dukani kwa mtu utakayempata ikiharibika. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, na visu vilivyoachwa wazi hushika kutu katika msimu mmoja wa masika; vipanguse, vitie mafuta mepesi kama ya cherehani, na uvifungie kwenye kopo lenye kifuniko. Mafuta ya kupikia usithubutu, kwa maana huganda na kuilemea mota.

Kwa saluni ya kike weka pazia zito, mlango usiotazamana na barabara, na feni inayofika nyuma ya pazia. Nimesikia wanawake wakisema wanaihama saluni nzuri kwa sababu tu fundi wa feni aliingia bila hodi.

Kabla ya kusaini chochote, piga hesabu ya vichwa. Tuchukue tarakimu za mfano tu: kodi Sh 80,000 kwa mwezi, umeme na maji Sh 40,000, nyembe, spiriti na pauda Sh 40,000, tozo na usafi wa mtaa Sh 20,000, jumla ni Sh 180,000. Ukinyoa kwa Sh 3,000, vichwa 60 vya kwanza vya mwezi si vyako. Ukitaka Sh 300,000 za kuishi na Sh 30,000 za kuweka akiba ya matengenezo, unahitaji vichwa 170, yaani karibu saba kila siku kwa siku 26 za kazi. Kama sasa, ukiwa umeajiriwa, wateja wanaokuja kwa jina lako hawafiki saba kwa siku, bado hujafika wakati wa kuhama.

Wakati huo ukiwa bado kwenye kiti cha mtu, jua mfumo unaoufanyia kazi. Wa hesabu unampelekea mwenye saluni kiasi maalumu kila siku na kinachobaki ni chako. Wa mgawo unagawana kila kichwa. Anayeanza na wateja wachache achague mgawo, kwa sababu hesabu haijui kwamba leo mvua imenyesha.

Hatua ya sita: Vibali

Hapa nitakuwa mfupi. Chukua namba ya mlipakodi TRA, ambayo hutolewa bure. Ukitaka jina la biashara lisilo lako mwenyewe, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leseni ya biashara hutolewa na Halmashauri ya Jiji, na maombi hufanyika mtandaoni kwa mfumo wa Tausi; afisa biashara na afisa afya wa kata ni watu wa kuwafahamu mapema, kabla hawajaja kukagua. Weka daftari la mauzo ya kila siku, kwa sababu mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu hutozwa kwa mauzo yake, na asiye nazo hutozwa kiwango kilichopangwa. Kwa mtaji, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Jua pia kwamba agizo la Julai 2025 limewazuia wasio raia kufanya biashara ya saluni, isipokuwa ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii, kwa hiyo nafasi hii ni ya vijana wa hapa.

Hatua ya saba: Jua kalenda ya mji na lugha ya kiti

Saluni ya Tanga haiendi kwa tarehe za mshahara pekee. Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi wateja hujiandaa kwa sala ya Ijumaa. Jumamosi jioni ni ya waendao kanisani. Januari na Julai shule zikifunguliwa, kina mama huja na watoto watatu watatu, na bei ya jumla kwa ndugu huwafanya wasiende kwingine. Shaaban hujaa harusi. Ramadhani mchana kiti hulala, lakini baada ya tarawehe kazi huanza upya, na mkesha wa Idd unaweza kunyoa hadi alfajiri. Kwa hiyo nyembe, spiriti na visu vya akiba vinunuliwe wiki mbili kabla. Mwezi wa Dhulhija ukiandama, wengi wanaokusudia kuchinja hujizuia kukata nywele na kucha mpaka wachinje. Kinyozi mgeni huona siku hizo kumi zimepoa akadhani amerogwa. Mwenyeji huzitumia kupaka rangi ukuta na kutengeneza mashine, kisha hujiandaa kwa Idd yenyewe.

Utaitwa pia majumbani. Mtoto akitimiza siku saba, familia nyingi hufanya akika, hunyoa nywele zake na kutoa sadaka kwa uzito wa nywele hizo. Kama mkono wako haujatulia, mwachie mzee mwenye uzoefu. Ukikubali, nawa mikono kwa sabuni, tumia wembe mpya au mashine isiyo ya saluni, mtoto apakatwe na mama yake akiwa ameshiba, lainisha nywele kwa maji ya vuguvugu, na pale utosini penye kudunda usiweke uzito wa kidole.

Lugha ya kiti nayo ni ujuzi. Unashika kichwa cha mtu, na wengine ni wa umri wa baba yako. Anza na shikamoo, kisha uombe: "Mzee, naomba nikiinamishe kidogo." Vijana waulize picha kabla ya kuwasha mashine, kwa sababu "fedi ya kawaida" ina maana tofauti kwa kila mmoja. Mtoto akitaka kiduku, muulize aliyemleta. Wazazi wengi na walimu wa madrasa hawapendi kichwa kilichonyolewa sehemu na kuachwa sehemu, na mtoto atarudishwa kwako akilia. Yanayosemwa kitini kuhusu ndoa, madeni na majirani yaishie hapo hapo. Ukimharibia mteja nywele, sema kabla yeye hajaona, usichukue fedha yake, na mwite baada ya wiki umtengeneze.

Weka bango la bei ukutani pamoja na lipa namba, ili asiwepo wa kunyolewa kwa Sh 2,000 na mwingine kwa Sh 4,000 kwa kuangaliwa viatu. Wateja wa kudumu andika namba zao na tarehe waliyokuja. Ujumbe mfupi baada ya wiki tatu, "Shehe, nafasi ya kesho asubuhi ipo," hutosha.

Kila jioni kabla ya kufunga, gawa fedha kwenye bahasha nne: kodi, vifaa, matengenezo, na yako. Katika bahasha yako mwenyewe toa kidogo cha kikoba na kidogo cha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ambao hupokea michango ya waliojiajiri, kwa kuwa magoti ya kinyozi huchoka kabla ya macho. Mazulia ya mpira chini ya miguu, kiti kinachopandishwa hadi kichwa cha mteja kikae usawa wa kifua chako, na dakika kumi za kukaa kila baada ya vichwa vitatu vitakuongezea miaka ya kazi.

Siku utakayompokea mwanafunzi wako wa kwanza, mwombe aje na mzazi au mjomba wake, mkae naye asubuhi kabla ya wateja, mwandike muda, mgawo na siku za mapumziko, kila mmoja abaki na nakala yake. Kisha mpe mashine iliyozimwa, umwoneshe kiwiko, na umwambie akichezeshe kwa kidole gumba bila kukitazama.